Kiuno kilipoanza kuvuta wiki ya 32

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 32. Jioni moja nilikuwa jikoni, hapa Pasua, Moshi, namenya ndizi za mtori, kiuno kikaanza kuvuta. Hayakuwa maumivu ya kumliza mtu. Yalifanana na yale ya siku za hedhi: yanaanzia mgongoni, yanazunguka mpaka chini ya kitovu, tumbo linakaza, kisha linaachia. Nikaegemea karo mpaka likaachia, nikaendelea kumenya.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Marangu. Akasema, "Mwanangu, umeinama mno, kapumzike." Nami nilitamani iwe hivyo tu. Tumbo kukaza nilishalizoea tangu wiki ya 28, ila lile lilikuja ovyo ovyo, nikigeuka upande au nikinywa maji linatulia.

Nikakumbuka tulivyofundishwa na nesi wa kliniki: kojoa, kunywa maji, lala ubavu wa kushoto, weka kiganja juu ya tumbo, hesabu kwa saa moja. Nikalala na kalamu mkononi, naandika nyuma ya karatasi ya kalenda: 1:10, 1:19, 1:27, 1:37, 1:45, 1:54, 2:02. Mara saba! Kiganjani nililisikia linapanda na kuwa gumu kama paji la uso, kisha linalegea kama shavu. Nesi alisema likikaza kila dakika 10 au chini ya hapo, na mimba haijafika wiki 37, usingoje maumivu yawe makali.

Nilipoenda chooni nikakuta ute mwepesi, mwingi, wenye michirizi ya pinki. Shemeji alishauri tusubiri kukuche kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa. Nilikataa kabisa. Tukaita bajaji.

Hospitalini daktari alikuta njia imeshafunguka sentimita 2. Mkojo ulikuwa na maambukizi, na mimi sikuwa nimesikia kuwaka hata mara moja. Hilo liliniuma sana, maana maambukizi ya mkojo yanaweza kuchochea uchungu kabla ya wakati, na wiki mbili nyuma niliruka kipimo kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Dada zangu, pimeni mkojo hata kama mnajisikia wazima.

Nilipewa dawa ya maambukizi, vidonge vya kutuliza uchungu, na sindano za deksamethasoni, nne, kila baada ya saa 12, za kukomaza mapafu ya mtoto. Daktari alinieleza wazi kwamba vidonge havingenifikisha miezi tisa. Kazi yake ni kutupatia siku mbili hivi ili sindano zifanye kazi. Ningefika njia imefunguka yote, hizo siku mbili tusingezipata.

Na kuna mambo ambayo hata hiyo saa moja ya kuhesabu usiipoteze: damu inatoka, chupa imepasuka, au mtoto amepunguza kucheza. Hapo ni kwenda moja kwa moja.

Uchungu ulitulia. Nilijifungua wiki ya 35, mtoto wa kike, kilo 2.2, akalia mwenyewe. Nesi alimfunga kifuani kwangu kwa kanga, ngozi kwa ngozi. Siku za mwanzo alinyonya kidogo tu, anachoka, analala, nikawa namkamulia maziwa kwenye kikombe kidogo na kumnywesha taratibu, usiku na mchana.