Majina ya Nusu

Wiki iliyopita, nilipokuwa nikifungasha vitu vyangu ili nihamie nyumba ndogo zaidi, nilikuta kijitabu changu cha simu cha mwaka 1979. Mna majina kama thelathini, nayo nimeyaandika kwa Kiswahili: Mrefu, Kofia, Wa Posta, Mpiga Kinanda, Fundi Saa. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina la baba yake. Nilikaa nacho sakafuni hadi chai yangu ikapoa.

Nilizaliwa Mombasa, mahali ambapo mtu hakujui mpaka ajue wewe ni mtoto wa nani, na mzee yeyote aliyeketi barazani ana haki ya kukuuliza. London, nilikofika mwaka 1973 kusomea uuguzi, hakuna aliyeniuliza. Katika Coleherne, baa ya wanaume wanaopenda wanaume kule Earl's Court, jina moja lilitosha, na hata hilo halikulazimika kuwa la kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimechoka kuwa mtoto wa fulani, na kutoulizwa kulikuwa pumziko ambalo sikuwahi kulipata kwetu.

Mazoea hayo yalikuwa na chanzo chake. Wakubwa wetu pale baani walitusimulia jinsi polisi wa miaka ya 1950 walivyokuwa wakimkamata mtu mmoja, wakachukua kitabu chake cha anwani na barua zake, kisha wakawaandama waliotajwa humo. Sheria ya mwaka 1967 ilituondolea hatia ya kulala mwanamume na mwanamume huku Uingereza, lakini kwa masharti: wawili hao wawe wametimiza miaka 21, na wawe faraghani kabisa, bila mtu wa tatu. Ndiyo maana mimi nikaandika kwa Kiswahili, nikiamini kwamba hakuna askari wa Kensington ambaye angejisumbua kukisoma.

Nilichokipenda zaidi ni Jumapili mchana. Wakati ule sheria iliruhusu baa zifunguliwe saa sita na kufungwa saa nane, kwa hiyo watu walikunywa kwa haraka kama wanaowahi meli, moshi wa sigara umetanda, harufu ya majaketi ya ngozi imejaa hata wakati wa joto. Kengele ikilia, tulimwagika sote kwenye kando ya barabara ya Old Brompton, tukasimama pale bila kusudi lolote isipokuwa kwamba hakuna aliyetaka kurudi kwake. Mrefu alikuwa akinifuata hadi chumbani kwangu, nikampikia pilau, naye akajaribu kula kwa mkono na kumwaga nusu yake mapajani. Tuliendelea hivyo miaka sita. Nilijua anavyokoroma, nilijua anaogopa njiwa, na sikujua ukoo wake.

Mwaka 1984 pembe yake ya kaunta ilibaki tupu. Niliuliza, na kila niliyemuuliza alimfahamu, lakini hakuna aliyejua anakaa wapi. Nilipopiga ile namba iliyomo kijitabuni, mwanamke mmoja alipokea na kuniuliza, kwa sauti ya upole, mimi ni nani wake. Nilishusha simu. Nimejibu swali hilo kichwani mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara kwa jibu tofauti.

Kazini mambo yalikuwa kinyume, kwani huko kila mgonjwa alikuwa na jina kamili lililoandikwa kwenye faili. Usiku mmoja nilisoma jina nisilolijua, nikainua macho, nikamwona Kofia. Aliweka kidole mdomoni. Nilimhudumia wiki tatu nikimwita Bwana mbele ya ndugu zake, na jina lile silitaji hata hapa.

Ndiyo sababu siisahau ile picha ya Aprili 1987, Binti Mfalme Diana alipofungua wodi ya wagonjwa wa UKIMWI katika hospitali ya Middlesex, akampa mgonjwa mkono bila glavu. Dunia ilitazama mkono. Mimi nilitazama kisogo cha yule mgonjwa, kwa kuwa alikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba sura yake isionekane.

Coleherne haipo tena. Tangu mwaka 2008 jengo lile limekuwa baa ya chakula iitwayo Pembroke. Nilikwenda juzi, nikiwa na kijitabu mfukoni. Kijana wa mapokezi, mwenye hereni na adabu nyingi, aliniambia nisubiri meza, akaniuliza jina. Nilimpa langu, la baba na la babu, yote matatu, polepole, kama ninavyoyatamka nikiwa nyumbani. Aliandika la kwanza tu.