Ukuta wa bustani unaomenyeka
Wenye bustani hapa Mombasa, ukuta wa mapambo ukianza kufura na kumenyeka, msikimbilie kulaumu rangi. Mara nyingi ni chumvi. Ukichanganya plasta kwa mchanga wa baharini au maji ya kisima cha chumvi, unyevu ukitoka huisukuma chumvi hadi juu, ikawa unga mweupe unaobandua kila kitu. Mchanga uwe wa mto, maji yawe matamu. Hapo hakuna mjadala.

Kwa ukuta wa mawe ya matumbawe, chokaa ni bora kuliko saruji, maana jiwe lile hunywa maji na lazima liyatoe. Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga uliochekechwa. Rowesha ukuta kwanza. Jiwe kavu huinyonya plasta maji, ikapasuka nyufa kama nywele. Piga tabaka mbili, kila moja milimita 10 hivi, kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Kwa jua la kaskazi, msiache hata siku moja.

Vidaka, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, hupendeza sana, kina cha sentimita 15 chatosha kwa chungu kidogo. Sakafu ya kidaka iteremke mbele kidogo, maji ya mvua yasituame.

Mkitaka asumini itambae, waya uwe wa stenlesi, ukae sentimita 5 mbali na ukuta ili hewa ipite. Waya wa kawaida hushika kutu upesi kwa hewa ya bahari, na michirizi yake kwenye chokaa haitoki.