Hesabu ya madarasa Chanika, Kivule na Chamazi

Tangu elimu bila malipo ianze 2016, pembezoni mwa Dar es Salaam kosa ni lilelile: shule inajengwa kwa hesabu ya watoto wa mwaka huu tu.

Fanyeni hesabu. Watoto 360 wa darasa la kwanza, kwa kiwango cha 45 kwa chumba, ni vyumba 8. Wakiendelea kuingia 360 kila mwaka, mwaka wa sita shule ina watoto 2,160, yaani vyumba 48. Zamu mbili zinashusha hadi 24, lakini watoto wa zamu ya mchana ndio huumia, hasa mvua ikinyesha. Vyoo navyo: tundu 1 kwa wasichana 20, 1 kwa wavulana 25. Kwa hao 360, nusu kwa nusu, ni matundu 17. Hapa ndipo wengi hukwepa, maana choo hakizinduliwi kwa utepe.

Ardhi kwanza. Eneo la shule litengwe kwenye ramani ya mipango miji kabla viwanja havijauzwa; baadaye fidia humeza fedha za ujenzi. Wananchi wakiinua boma, yaani kuta zisizo na paa, halmashauri iwe tayari imetenga fedha za kuezeka, la sivyo mvua italila.