Hisia za Mkuu wa Shule na Mazingira ya Kazi ya Walimu

Mkuu wa shule ya sekondari hapa Dar es Salaam hupimwa kwa matokeo ya kidato cha nne, kwa matumizi ya fedha za ruzuku na kwa nyaraka anazowaonyesha wathibiti ubora. Namna anavyozimudu hisia zake na za walimu wake haikaguliwi na mtu, ingawa kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama mwalimu atafundisha kwa moyo au atakuja kusaini tu.

Peter Salovey na John Mayer, walipoandika kuhusu akili hisia mwaka 1990, waliieleza kuwa ni uwezo wa kuzitambua hisia, zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuutumia utambuzi huo katika kufikiri na kutenda. Upole ni jambo jingine kabisa. Wapo wakuu wapole wasio na habari kwamba mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo na ratiba, na mwalimu wa hisabati hawasemezani tangu muhula uanze.

Tuchukue kitabu cha mahudhurio. Katika shule moja niliyofundisha, kitabu kilikaa mezani kwa mkuu, na ilipotimia saa moja na nusu alipiga mstari mwekundu. Masika moja, maji yalipojaa Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa, mwenzangu aliyekuwa akitoka Kimara alifika suruali imelowa hadi magotini, akaamriwa mbele ya wanafunzi waliokuwa mstarini aandike barua ya kujieleza. Aliiandika. Baada ya hapo hakuchelewa tena, lakini kengele ya mwisho ilipolia alikuwa wa kwanza getini. Klabu ya midahalo aliyoilea ikafa, na wanafunzi wa kidato cha nne aliokuwa akibaki nao jioni wakakosa mtu. Kwenye kitabu, mkuu alikuwa ameshinda.

Mkuu aliyemfuata hakuufuta ule mstari. Alimwita mchelewaji pembeni, akamuuliza amefikaje, kisha akamwagiza mtaaluma kwamba wakati wa mvua wanaotoka mbali wasipangiwe kipindi cha kwanza. Mwalimu aliyechelewa kwa uzembe alipewa barua yake vilevile, ila ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Utani ulirudi katika chumba cha walimu, na watu wakaanza tena kushikiana vipindi mmoja wao alipouguliwa.

Tofauti ya namna hiyo ilikwisha kuchunguzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Andrew Halpin na Don Croft, walioyapanga mazingira ya shule kutoka yaliyo wazi hadi yaliyofungwa. Miongoni mwa mambo waliyoyapima ni ari ya walimu, umbali ambao mkuu anajiwekea, na hata jinsi walimu wanavyoona kwamba kazi za makaratasi zinawakwamisha. Anayeandaa azimio la kazi, andalio la somo na ripoti za ghafla zinazotakiwa leo hii ataelewa kwa nini hilo la mwisho liliwekwa.

Hata hivyo, tusimbebeshe mkuu kila kitu. Tafiti nyingi za uhusiano kati ya akili hisia ya mkuu na mazingira ya kazi huwapa walimu walewale dodoso la kumpima mkuu na la kuyapima mazingira, na anayempenda mkuu wake huelekea kuona hata chai ya saa nne ni tamu. Isitoshe, tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yetu yamefurika, na utulivu wa mkuu haupunguzi rundo la madaftari ya kusahihisha.

Lililo ndani ya uwezo wetu ni maandalizi. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, ulioko Bagamoyo, hufundisha viongozi wa shule, na kumwonya mtu mzima bila kumvunjia heshima ni stadi inayofundishika kwa mazoezi kama ilivyo kuandaa bajeti. Ningependa mazoezi hayo yafanyike kabla ya uteuzi, kwa sababu mtu akishakalia kile kiti, si rahisi mwalimu aliye chini yake amwambie kwamba hasira zake zinaigharimu shule.