Nilivyotumia urea ya maziwa kujua naitrojeni inayopotelea kwenye mkojo wa ng'ombe

Banda letu liko Kibosho, juu ya Moshi, katikati ya kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba. Ng'ombe wanafugwa ndani mwaka mzima, na sita kati yao wanakamuliwa. Kilichonifanya nianze kupima ni harufu. Alfajiri za masika, nikifungua mlango wa banda, hewa ilikuwa inachoma macho mpaka machozi yanatoka. Maji ya kusafishia sakafu nayo yalikuwa yanashuka kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa kijiji, na walio chini yetu wanamwagilia mboga kwa mfongo huohuo. Hewa inayochoma vile ni amonia, na ndani ya amonia kuna naitrojeni. Naitrojeni ya bandani kwetu inaingia kwa mdomo wa ng'ombe tu, ndani ya protini niliyoinunua kwa pesa. Nilitaka kujua inayotoka ni kiasi gani.

Kukinga mkojo wa ng'ombe usiku na mchana ili upimwe ni kazi ya vituo vya utafiti. Sisi wengine jibu tunalo kwenye ndoo ya maziwa.

Protini ikifika kwenye tumbo kubwa, sehemu kubwa inavunjwa na vijidudu kuwa amonia. Vijidudu hivyo vinaitumia amonia kujijengea protini yao, kisha mbele ya safari ng'ombe anavimeng'enya vyenyewe. Lakini haviwezi kujenga bila nishati, yaani wanga na sukari, na inatakiwa ipatikane wakati uleule. Nishati ikipungua au protini ikizidi, amonia inabaki bila kazi, inapenya ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu. Ni sumu, kwa hiyo ini linaigeuza kuwa urea, na kazi hiyo yenyewe inakula nishati ambayo ingekwenda kwenye maziwa. Figo zinaichuja urea na kuitoa kwa mkojo. Urea ni chembe ndogo inayopita kirahisi kutoka kwenye damu, hivyo inaingia kwenye kiwele pia. Ikipanda kwenye damu, inapanda kwenye maziwa.

Hapa niseme jambo, maana kijana anayepokea maziwa yetu alishtuka aliponisikia: "Mama, kuna urea kwenye maziwa?" Ipo, na ipo kwa kila ng'ombe mzima, kama ilivyo kwenye damu yangu na yake. Mtu kuchanganya mbolea ya urea kwenye maziwa ni wizi na ni hatari, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Nilianza na vijikaratasi vya kupimia ambavyo ndugu yangu aliniletea kutoka ng'ambo. Kwenye ncha kuna kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia, na amonia hiyo inabadilisha rangi. Unachovya, unakung'uta, unasubiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, halafu unalinganisha. Nilikuwa nasomea dirishani penye mwanga wa asubuhi, kwa sababu chini ya taa ya bandani kijani hafifu na kijani iliyokolea vinafanana. Baadaye nikapata nafasi ya kupeleka sampuli maabara yenye mashine, na namba zikaonekana kama zinapingana: karatasi inasema kati ya 35 na 40, maabara inasema 18. Zote zilikuwa sahihi. Karatasi ilikuwa inasoma urea nzima, maabara inasoma naitrojeni iliyomo ndani ya urea tu. Naitrojeni ni 28 katika kila 60 za uzito wa urea, kwa hiyo ukigawa urea kwa 2.14 unapata naitrojeni yake. Anayetaka kupima aulize hilo kabla ya lolote. Mtu anaweza kumpunguzia chakula ng'ombe ambaye hana tatizo kwa sababu ya kipimo kilichoandikwa kwa namna nyingine.

Kuanzia hapa nitatumia namba za naitrojeni, miligramu kwa desilita, yaani kwa sehemu moja ya kumi ya lita. Wataalamu wengi wanaridhika na kundi likiwa kati ya 10 na 14, na wengine siku hizi wanashuka mpaka 8. Sisi masika tulikuwa 18.

Sasa kutoka maziwa kwenda mkojo. Mwaka 2001 Kauffman na St-Pierre wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walitoa hesabu kutokana na ng'ombe wa Holstein na Jersey: zidisha 0.0259 kwa uzito wa ng'ombe kwa kilo, kisha kwa namba ya naitrojeni ya urea iliyopimwa kwenye maziwa, unapata gramu za naitrojeni zinazotoka kwa mkojo kwa siku. Chotara wetu si Holstein wa Ohio, kwa hiyo gramu zenyewe nazichukua kama makadirio. Ninachokiamini zaidi ni tofauti ya mwezi huu na ule katika banda hilohilo. Ng'ombe wa kilo 450, uzito nilioupata kwa utepe wa kuzungusha kifuani, akiwa na 18 anakojoa gramu 210 hivi. Akiwa na 12, gramu 140. Gramu 70 za katikati ndizo zilizonikosesha usingizi. Kila gramu ya naitrojeni ni gramu 6.25 za protini, kwa hiyo ni zaidi ya gramu 430 za protini kwa ng'ombe mmoja kila siku. Mashudu ya alizeti yenye maganda mengi, ambayo robo yake ndiyo protini, maana yake ni karibu kilo moja na robo tatu. Ukiipima kwa mbolea ya urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, ng'ombe sita wanamwaga sakafuni mfuko wa kilo 50 kabla miezi miwili haijaisha.

Masika majani tembo yanakua mbio, tunayakata yakiwa machanga, na machanga yana protini nyingi inayovunjika upesi tumboni. Juu yake tulikuwa tunaweka mashudu yaleyale ya kiangazi, kwa kipimo kilekile, kama wanavyofanya wafugaji karibu wote wa upande wetu. Kabla ya kugusa chochote niliangalia pia protini ya maziwa kwenye majibu ya maabara. Ilikuwa chini. Urea ikiwa juu na protini ya maziwa ikiwa chini, mara nyingi nishati ndiyo imepungua, kwa hiyo kuondoa mashudu peke yake kusingetosha. Tulipunguza kilo moja ya mashudu kwa kila ng'ombe, tukaongeza pumba za mahindi na molasi kidogo, tukaacha majani yakomae zaidi kabla ya kukatwa, na tukayachanganya na mabua makavu.

Mzee jirani yetu alisimama mlangoni akaniangalia nikipima pumba. "Mwanangu, ng'ombe anakamuliwa mdomoni. Ukimnyima mashudu, na yeye atakunyima." Nikamwambia, "Baba, simnyimi. Nampa kitu cha kuyatumia hayo mashudu." Akaondoka akitikisa kichwa.

Urea haichelewi kujibu. Ukibadilisha chakula leo, kesho au keshokutwa damu na maziwa yanaonyesha, ila mimi nawapa wiki nzima vijidudu vizoee. Namba ilishuka mpaka kati ya 12 na 13, na maziwa hayakupungua. Alfajiri nikaanza kuingia bandani bila kufumba macho.

Namna ya kuchukua sampuli ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Urea inapanda saa chache baada ya kula, hivyo maziwa ya jioni na ya asubuhi hayafanani. Mimi nachukua asubuhi siku zote. Nachota kwenye maziwa yote yaliyokorogwa vizuri, si michirizi ya kwanza. Mwenye ugonjwa wa kiwele simchanganyi. Namba ya ng'ombe mmoja peke yake inayumba, ya kundi inatulia. Maji nayo yasikosekane, maana ng'ombe mwenye kiu damu yake inakolea urea na unaweza kulaumu mashudu bure.

Upande wa mimba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 1996 kwamba ng'ombe waliozidi 19 walishika mimba kwa shida zaidi. Nilimwambia mhimilishaji wetu, anayepandisha ng'ombe kwa mrija, anayetumia mbegu za kituo cha taifa cha Usa River, na sasa akija ananiuliza namba kabla hajafungua mtungi.

Chakula hakimalizi naitrojeni yote. Hata kwa ng'ombe anayelishwa vizuri, robo hivi tu ya naitrojeni anayokula ndiyo inaingia kwenye maziwa. Kwa hiyo tuligusa na sakafu. Kimeng'enya kinachogeuza urea ya mkojo kuwa amonia kiko kwenye kinyesi, na vikikutana kazi inaanza mara moja. Tukaipa sakafu mteremko, mkojo ukimbilie kwenye mfereji na kuingia kwenye shimo lenye kifuniko, kinyesi kikizolewa kwa koleo kwenda upande wake. Mkojo tunauchanganya na maji, tunaumwaga kwenye vijishimo kuzunguka migomba na kufukia. Mfongo haupati tena kitu kutoka kwetu.

Kiangazi kilipofika, yule mzee alikuja na maziwa yake kwenye chupa. "Hebu nipimie na mimi." Ng'ombe zake walikuwa wanakula mabua kutoka tambarare na migomba iliyokatwakatwa, ambayo karibu yote ni maji. Karatasi ilibaki njano kabisa, chini ya 8 ukigeuza. Vijidudu vya tumboni vilikuwa na njaa ya naitrojeni, na mabua yalikuwa yanapita bila kusagwa vizuri. Yeye nilimwambia aongeze mashudu, na akate lusina ya mpakani kila siku.