Nati ya Nne

Agosti 1998 mahindi mapya yalikuwa yameanza kutoka mashambani, na kisiagi cha mjomba wangu, mashine yake ya kusaga unga, pale Luanda, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, kikachagua wiki hiyo hiyo kulala. Kinu chenyewe kilikuwa kizima. Shida ilikuwa injini, dizeli ya Kiingereza ya silinda moja, yenye magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni, kuukuu kumshinda mjomba mwenyewe. Ukiiwasha, maji ya pipa la kupozea yalitoa mapovu hata kabla hayajapata moto. Kila aliyewahi kukaa karibu na injini aliijua dalili hiyo: gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya silinda na kifuniko chake, imeungua, presha ya silinda inapenya kwenye maji.

Gasketi tulikuwa nayo. Hedi ilishikiliwa na nati nne, na nati hizo hazikuwa zimeguswa tangu nilipokuwa nacheza gololi.

Mjomba alimwita fundi wa sokoni, kijana aliyekuwa hodari sana wa matatu na pikapu. Alikuja na seti ya soketi za milimita, inang'aa, kwenye sanduku jekundu. Soketi ya 23 ilikataa kuingia. Ya 24 ikaingia, ikicheza kidogo. "Hii ndiyo," akasema, akachomeka paipu ya maji ya futi nne kwenye mkono wa soketi, akaning'inia. Kukawa na mlio. Tulishangilia kidogo, mpaka alipoondoa soketi tukaona nati iko palepale, pembe zake sita zimelika zikawa mviringo. Soketi yake ilikuwa ya pembe kumi na mbili, ile inayoshika nati kwenye ncha za pembe tu. Ikilegea hata kidogo, zinazoliwa ni ncha hizo hizo. Alipotaka kuhamia nati ya pili, mjomba alishika paipu.

"Pumzika kwanza, kijana wangu."

Aliyekuja kutoka Kisumu kesho yake kwa matatu ya asubuhi alikuwa mzee mstaafu wa warsha ya meli, pale bandarini ambako zamani za Shirika la Reli la Afrika Mashariki walitengeneza meli za ziwani. Alifanya kazi kwenye MV Uhuru, ile feri ya mabehewa ya treni iliyoanza kazi 1966, na nyingine zilizoitangulia, karibu zote zimeletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa hapo hapo Kisumu. Mkononi alikuwa na mfuko wa turubai mzito kiasi kwamba utingo alimshushia yeye mwenyewe.

"Habari ya safari, Mzee?"

"Nzuri. Iko wapi?"

Hakuomba chai. Aliinama akaitazama nati iliyolika, akamtazama yule fundi, hakusema neno. Kisha akatoa spana ringi nyeusi iliyochorwa 1/2 W. Akaivalisha nati ya pili. Iliingia bila kucheza, na kwangu mimi mshangao ulikuwa huo, kwa sababu nilikuwa nimeaminishwa kuwa nati zile zimevimba kwa kutu.

Alinieleza huku akisugua thredi, yale meno ya bolti, kwa brashi ya waya. Nati hizi ni za mtindo wa Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza vipimo vyake mwaka 1841. Nambari kwenye spana yake haikuambii upana wa mdomo, inakuambia unene wa bolti. Nusu inchi ya Whitworth ina mdomo wa karibu milimita 23.4. Ndiyo maana 23 inagoma na 24 inacheza. Hakuna spana ya milimita inayoikaa sawasawa, na spana malaya, ile ya mdomo wa kurekebishwa, alisema, ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, maana hulegea mkononi wakati unaposukuma kwa nguvu.

Alichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akapaka kila nati, akaenda kukaa kivulini. Baada ya muda alirudi akashika nyundo kubwa upande mmoja wa nati, akaigonga upande wa pili kwa nyundo ndogo, tap, tap, akizunguka. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hubana kama kabari. Kugonga kunaipasua, mafuta yapate njia. Kisha, ajabu, alizikaza kwanza. Kidogo tu. Ndipo akavuta upande wa kufungua. Nati ya pili ilitoa sauti kavu, ikaja. Ya tatu na ya nne pia, akienda mbele na kurudi nyuma, robo kwa robo, bila paipu yoyote.

Ikabaki ya kwanza, iliyolika. Hapo alituma mtu kwa jirani wa kuchomelea kuazima gesi. Alifuta mafuta yote, akaelekeza moto kwenye nati peke yake, si kwenye studi, ile bolti isiyo na kichwa inayoshika nati, ili nati ipanuke kabla studi haijapata moto. Ilipoanza kubadilika rangi alizima, akaigusisha mshumaa kwenye mzizi wa nati. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona nta ikiyeyuka na kunyonywa ndani ya thredi, inapotea. Ilipopoa alichukua tupa, akaparuza kila ubavu, nusu milimita na ushee, akiupima kwa kalipa, mpaka soketi ya pembe sita ya 22 ikaingia kwa kugongwa na nyundo. Soketi ya pembe sita hubana mbavu, si ncha. Akavuta taratibu. Ikaja.

Nati mpya ilikuwa kwenye mkebe wa mzee. Mjomba alikuwa tayari kutuma mtu hadweya, lakini mzee alimkataza: nusu inchi ya Whitworth ina thredi 12 kwa inchi, ile ya Kimarekani, ambayo huenda angeletewa, ina 13. Ungeizungusha mara mbili kwa vidole, ukafurahi, kisha ingekwama na kuharibu studi.

Jioni magurudumu yalizungushwa kwa mkono na injini ikashika. Maji ya pipa yakatulia. Mzee alilipwa sehemu kwa pesa, sehemu kwa unga, na mjomba akajaribu kununua ile spana. Hakuuza.

Fundi wa soketi alikuwa bado yupo, amesimama mlangoni, na alishikilia kwamba paipu ya futi sita ingetosha. Hakuna aliyembishia. Akina mama walikuwa wameshaanza kupanga madebe yao na kugombana nani alitangulia.