Ulikataa Mpira wa Kulishia, na Sasa Hulali

Baada ya kumzika mzazi aliyeondoka na dimenshia, ugonjwa unaomaliza kumbukumbu na akili, swali linalotesa kuliko yote ni hili: "Je, nilimwua kwa njaa?"

Dimenshia ikifika mwisho, ubongo husahau hata kumeza. Chakula na mate huingia njia ya hewa, nimonia inafuata, inatibiwa, inarudi. Mpira wa kulishia, uwe wa puani au wa tumboni, unaonekana kama wokovu. Lakini katika hatua hiyo haujaonekana kurefusha maisha. Hauzuii nimonia, kwa sababu mate, na chakula kinachopanda kutoka tumboni, bado hufika mapafuni. Wagonjwa wengi huung'oa, kisha hufungwa mikono. Ndiyo maana American Geriatrics Society, chama cha wataalamu wa afya ya wazee cha Marekani, kilishauri mwaka 2014 mgonjwa alishwe kwa mkono, polepole, kadiri anavyopokea. Mwili unaozima hauombi chakula kama mwili wa mtu mzima wa afya. Kule kuilowesha midomo ya mzazi wako kwa pamba kulikuwa huduma kamili.

Swali la pili ni dozi ya mwisho ya mofini. Ulimpa, na baada ya saa moja akakata roho. Mofini iliyopimwa na daktari kwa ajili ya maumivu au kubanwa pumzi hupunguza tabu. Pumzi zinazokatika na kurudi, na mkoromo wa mate kooni, ni dalili za kufa kwenyewe. Na mtu anayepewa dawa kila baada ya saa 4 hana budi kufariki karibu na dozi fulani. Ikatokea kuwa ni ile uliyoishika wewe.

Kujua haya hakutoshi, kwa hiyo chukua karatasi. Andika tarehe ya uamuzi, kisha yale tu uliyoyajua siku ile: daktari alisema nini, mzazi alikuwa anameza au hamezi, alikuwa amelazwa mara ngapi karibuni, njia zipi zilikuwepo, na kila njia ingemletea nini wiki inayofuata. Yale uliyoyajua baadaye yaandike nyuma ya karatasi. Wengi hujihukumu upande wa mbele kwa habari za upande wa nyuma. Msomee kwa sauti mtu aliyekuwepo. Ndugu aliyefika siku ya msiba akiuliza mbona hamkufanya kila kitu, mpe asome naye.

Pakibaki pengo, omba kuonana na daktari au muuguzi aliyemhudumia, mapema, kabla hawajasahau. Nenda na maswali matatu: ugonjwa ulikuwa hatua gani, njia nyingine ingemfikisha wapi, je, aliumia?

Huenda kuna kosa la kweli: ulimfokea, au ulichelewa kuomba dawa ya maumivu. Hilo usilifunike kwa maelezo. Litaje lilivyo, umwombe msamaha kwa barua au kaburini. Kosa la kweli huwa na siku na mahali. Hatia isiyo na mipaka mara nyingi ni huzuni tu. Na ule wepesi uliousikia alipopumzika si usaliti. Ulikuwa umechoka, naye alikuwa anateseka.

Miezi 6 ikipita na bado huwezi kufanya kazi, kulala wala kukaa na watu, mwone mshauri nasaha au daktari. Mawazo ya kutaka kumfuata yakikujia, usisubiri: mwambie mtu leo hii, akupeleke hospitali.